Nani Atakubebea Hema?

Nilikuwa bado sijaunganisha hata fito moja wakati jirani alipoingia uani, leso kiunoni, uso umemshuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani ametuacha?"

Simlaumu. Kwetu Busia, tenti ikisimama uani watu hawafikirii likizo. Tenti huja kwa lori pamoja na viti vya plastiki na spika mbili kubwa, na ikishafika majirani wanaanza kuleta kuni, kuku na pole. Kuna tenti za harusi na tenti za wanasiasa, ndiyo, lakini tenti inayokuja bila tarumbeta ni ya matanga.

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Ni hema langu tu, nimenunua, nalijaribu kabla sijapanda Mlima Elgon na marafiki kutoka Nairobi. Aliangalia kile kitambaa cha kijani kilichotandazwa kwenye nyasi, akaangalia nyumba ya mama yangu yenye vyumba vitatu na paa la mabati, kisha akaniangalia mimi.

"Yaani nyumba iko, na bado unataka kulala nje?"

Sikuwa na jibu zuri. Bado sina. Ila hilo hema limenifundisha historia ya nyumbani kuliko shule ilivyonifundisha, na nimeona nisikae nayo peke yangu.

Nililipata kwenye mitumba pale Busia, asubuhi ya kufungua marobota, limekunjwa vibaya katikati ya mapazia na mabegi ya shule. Muuzaji alikuwa na uhakika anachouza.

"Hii ni kava ya pikipiki, bro. Mvua haipiti. Elfu mbili na mia tano."

Sikumrekebisha. Kama na wewe unawinda hema la mitumba, sheria ya kwanza ni hiyo: usimfundishe muuzaji jina la kitu kabla hujalipa. Sheria ya pili, lifungue lote, hata kama watu wanakutazama. Pitisha vidole upande wa ndani wa kitambaa cha juu. Utando unaozuia maji ukizeeka huanza kunata na kunuka kama soksi zilizolala na unyevu, na hapo hakuna dawa. Vuta zipu kwenda na kurudi mara kadhaa. Unganisha fito uone kama ule mpira wa ndani bado una nguvu. Nyoosha mishono mbele ya jua. Ukiona mwanga kwenye vitundu, maji nayo yatapaona. Vigingi vikikosekana usijali, fundi wa kuchomelea atakukatia vingine.

Langu lilikuwa na tundu moja la ukubwa wa kiganja na vigingi vitatu tu. Kila kitu kingine kilikuwa sawa. Tulielewana elfu moja na mia nne. Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza mahindi, nikamwomba aniwekee kwenye mizani. Kilo moja na gramu mia tisa.

Nilifika nyumbani nikijisifu kwa huo uzito. Kuka, yaani babu yangu mzaa mama, alikuwa amekaa chini ya mwembe. Akalichukua lile furushi kwa mkono mmoja, akalipima kama mtu anayepima kuku sokoni.

"Na hii," akauliza, "nani atakubebea?"

"Nitabeba mwenyewe, Kuka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Tangu lini mwenye hema akabeba hema?"

Nilidhani ni utani wa wazee. Baadaye nikaanza kusoma, nikaona Kuka alikuwa ameuliza swali ambalo vitabu vingi vya wasafiri vinalizunguka bila kuligusa.

Neno lenyewe, hema, ni la Kiarabu, na lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alivuka nchi ya Wamaasai akafika Kwa Sundu, mji ambao leo tunauita Mumias na ambao kwa matatu si mbali na hapa. Watu wa pwani walikuwa wameshaijua njia hiyo kabla yake. Wote walisafiri kwa mtindo mmoja: mizigo kwenye vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa pauni 60 hadi 70, yaani kati ya kilo 27 na 32. Hesabu mwenyewe. Hayo ni mahema kama langu kumi na manne au zaidi, juu ya mtu mmoja, siku nzima, kwa miezi.

Kwenye mizigo hiyo kulikuwa na vitambaa, shanga na waya, ambavyo ndivyo vilikuwa pesa ya njiani. Kulikuwa na risasi na chakula. Halafu kulikuwa na nyumba ya mzungu: hema la turubai nene, nguzo zake za mbao, vigingi, kitanda cha kukunja, meza, kiti, wakati mwingine hata beseni la kuogea. Turubai la pamba likilowa hunywa maji. Kwa hiyo fikiria asubuhi baada ya mvua. Mwenye hema ameamka mkavu. Mpagazi, ambaye mara nyingi alilala kwenye kibanda cha nyasi na matawi alichojijengea jana jioni, anapewa mzigo ule ule wa jana, ila leo umeongezeka uzito kwa sababu ya mvua iliyomnyeshea yeye.

Miaka miwili baada ya Thomson alikuja Askofu James Hannington. Kwa Sundu aliacha sehemu kubwa ya msafara wake chini ya Mchungaji William Jones, Mwafrika wa misheni ya Rabai, kisha yeye akachukua watu 50 akaelekea magharibi. Kutoka Mumias kwenda Busoga unapita huku kwetu, ingawa wakati huo hakukuwa na mpaka wala Busia ya kuandikwa kwenye ramani. Huko Busoga alikamatwa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Karibu wapagazi wake wote waliuawa pia; wachache sana ndio waliotoroka kurudi na habari. Hannington ana siku yake kwenye kalenda ya kanisa. Nilitafuta majina ya wale wapagazi. Nilipata idadi.

Katika miaka ya 1890 Waingereza walichonga barabara ya mikokoteni ya ng'ombe, kama maili 600 kutoka Mombasa hadi huku Busia. Kipande cha kwanza kilipewa jina la Mackinnon, na cha kutoka Kibwezi kikapewa jina la Kapteni Sclater. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu. Mwaka uliofuata, 1902, mkoa wa mashariki wa Uganda ukahamishiwa upande wa himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Ndivyo tulivyoamka tukiwa Wakenya, na mashemeji zetu, mita chache mbele, wakiwa Waganda. Hakuna aliyehama. Mstari ndio uliohama.

Ungedhani reli ilimpumzisha mpagazi. Hapana. Vita vya 1914 vilipokuja, jeshi la Waingereza lilihitaji mabega tena, na safari hii halikuajiri, lilikamata. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na hilo ndilo jina unalolitamka ukishuka Kariokor, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam. Mkoa wa Nyanza, ambao sisi wa Busia tulikuwa ndani yake, ulitoa watu wengi. Hesabu rasmi zenyewe zinasema zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Walibeba mahema ya maafisa hadi Tanganyika. Siku nyingine nikiwa Kariokor nanunua kiondo, nitakumbuka.

Miaka hiyo hiyo London kulikuwa na fundi cherehani mmoja, Thomas Hiram Holding. Akiwa mtoto, mwaka 1853, alivuka nyika za Marekani na wazazi wake kwa msafara wa magari ya ng'ombe. Utu uzimani akapenda baiskeli, na akataka kusafiri nayo na kulala anapotaka. Shida yake ilikuwa moja: hakuwa na wapagazi. Alikuwa na baiskeli na miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo akafanya kile ambacho wakubwa wa misafara hawakuwa na sababu ya kukifanya. Akakaa chini na uzi na sindano akajiuliza kila kipande kina uzito gani. Akashona mahema madogo ya hariri. Mwaka 1901 akaanzisha chama cha wapiga kambi wa baiskeli, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha mwongozo wa kupiga kambi. Nailoni ilipovumbuliwa Marekani mwaka 1935, wazo lilikuwa limeshapata njia. Lilibaki kubadilisha kitambaa.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la Kuka. Hema halikuwa zito kwa sababu watu wa zamani hawakujua vitambaa. Hariri ilikuwepo. Lilikuwa zito kwa sababu aliyelala ndani yake hakuwa aliyelibeba. Siku mtu mmoja alipolazimika kufanya yote mawili, gramu zikaanza kuhesabiwa.

Na baiskeli? Kuka anaijua hiyo sehemu kuliko mimi. Hapa Busia, kuanzia miaka ya sitini, vijana walianza kubeba watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, kwa sababu gari lilikuacha upande mmoja na ulitakiwa kuutembea huo mwendo na mizigo yako. Walikuwa wanaita abiria kwa Kiingereza cha hapa kwetu: boda, boda. Leo hilo neno linasikika Kampala na Dar, na vijana wa Nairobi wanadhani ni la kwao. Kuka alianza kazi hiyo na Black Mamba ya mkopo, siti ya nyuma ameishonea godoro la vipande.

Miaka ya sabini, Idi Amin alipowafukuza Wahindi na maduka ya Uganda yakakauka, yeye na wenzake walipeleka sukari, chumvi na sabuni upande ule. Baridi kali ilipoua mikahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapanda dunia nzima, kahawa ya Uganda ikaanza kuja upande huu kwa njia za usiku. Huko kaskazini, soko la Chepkube likawa na watu wenye pesa za kushangaza. Kuka anasema yeye hakubeba kahawa. Anasema hivyo akiangalia pembeni.

Baadaye nilipeleka hema Malaba kuzibwa lile tundu. Kule kuna mafundi wa turubai za malori, watu wanaoshona kando ya barabara kwa sindano ndefu kama kidole. Wa kwanza alitaka kuniwekea kiraka cha turubai la lori. Mwenzake mzee akamkataza. "Hiyo itararua mwenzake. Kitambaa chepesi kinataka ndugu yake." Akanituma kwa fundi wa miavuli. Fundi wa miavuli akakata kipande kutoka mwavuli uliovunjika mbavu, akakishona kwa uzi mwembamba, akapaka gundi kwenye mshono, akaniambia nisikunje mpaka kesho. Shilingi mia na hamsini.

Nikiwa nasubiri, nilitembea mpaka pale duka letu lilipokuwa.

Baba yangu ana jina la Mlima Kenya. Mama ni wa hapa. Walikuwa na duka la vyombo Malaba, na mimi nilikuwa na miaka sita wakati matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa. Sitaki kuandika nani alifanya nini. Waliochoma walitujua, na waliotuficha walitujua pia. Ninachokumbuka ni Kuka akifika na baiskeli yake, amepiga pedeli kama kilomita 30 kutoka Busia katika siku ambazo watu walikuwa wanaogopa hata kwenda chooni. Aliweka godoro nyuma, akalifunga kwa mipira, akanikalisha juu ya godoro, akaniambia nishike shati lake. Mama alitembea kando na sufuria kichwani. Tukavuka daraja la Malaba.

Maelfu ya Wakenya walivuka majuma hayo kupitia Malaba na Busia. Tulianzia kwenye uwanja wa shule upande wa Uganda, kisha tukapelekwa kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Hapo ndipo nilipolala kwenye hema kwa mara ya kwanza maishani. Lilikuwa jeupe. Mchana lilichemka hata hewa ikanuka plastiki, usiku likawa baridi, na upepo ukija lilipiga kelele kama mtu anayekung'uta blanketi masikio yako yakiwa ndani. Mama alikuwa anaamka usiku kukaza kamba. Waliobaki baadaye mwaka huo walihamishiwa Kiryandongo. Sisi tulirudi nyumbani kwa Kuka baada ya miezi miwili. Baba alifungua duka jingine, mbali na mpaka.

Kwa hiyo nilipomwonyesha mama hema langu jipya, hakucheka kama Kuka wala kushangaa kama jirani. Alisema, "Mimi hema nililala ya kutosha. Nililala yangu na yako." Akaingia jikoni.

Ningeacha hapo, lakini kifurushi kilikuwa kimeshatoka Malaba na ilibidi nikijaribu. Basi jioni ile jirani aliyeogopa matanga alipoenda zake, niliendelea. Nikatandaza sakafu. Nikaunganisha fito mbili, nikazipitisha kwa msalaba, nikachomeka ncha kwenye vitundu vya kona. Hema likainuka kidogo, likalegea, likalala upande kama mlevi. Nikarudia. Likalala upande wa pili. Kuka chini ya mwembe alikuwa anafurahia maisha.

Sikumsikia mama akija. "Umeweka mlango unaangalia upepo," akasema. "Usiku litajaa kama puto. Geuza."

Nikageuza.

"Na hizo vigingi unazipigilia wima. Kamba ikivuta zinatoka. Lalisha kichwa cha kigingi kiende mbali na hema." Akainama, akaking'oa kimoja, akakirudisha kwa mshazari, akakikanyaga kwa kisigino mara mbili. "Anza na kona hii. Halafu ile ya mkabala, si ya jirani yake. Usikaze mpaka zote nne zishike."

Alizunguka hema lote akigusa kamba moja moja kwa kidole, kama mtu anayejaribu gitaa. Kitambaa cha juu kikanyooka, hakikugusa neti ya ndani popote. Akaeleza kwamba vikigusana, pumzi yako ya usiku inageuka matone na asubuhi umelowa bila mvua. Mimi nilikuwa nimetazama video tano za watu wenye ndevu nzuri wakieleza hayo hayo. Mwalimu alikuwa jikoni.

"Ulijulia wapi yote haya?" nikauliza, swali la kijinga kabisa.

"Si ulikuwepo," akasema.

Nililala ndani yake usiku ule. Karibu saa tano nilisikia nyayo, kisha kidole kikijaribu kamba, moja, mbili, tatu, nne. Sikusema kitu. Nyayo zikarudi ndani.

Siku ya safari, Kuka alitoa baiskeli. Ana zaidi ya miaka sabini na magoti yake yanalia. Akasema atanibebea huo mkoba mpaka steji. Nikakataa. Akakasirika kidogo, kisha akaweka kiganja chini ya mkoba nikiwa nimeshauvaa, akauinua kidogo kutoka mgongoni kwangu, akauachia.

"Kilo ngapi zote?"

"Kumi na moja, Kuka. Na maji."

"Zinabebeka," akasema, na akasukuma baiskeli tupu kando yangu mpaka barabarani.